Athanasi Ngonyani Hakuwa Jirani Yetu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ututoke hapo nyumbani Mfaranyaki, tarehe 9 Juni 1994. Tunakuandikia hadharani kwa sababu kosa letu nalo tulilifanya mbele za watu.

Ulikuwa karani wa mizani kwenye ushirika kwa miaka ishirini na sita. Wakulima wa kahawa walipanga foleni kwako hata mizani nyingine ikiwa haina mtu, kwa kuwa hukumpunja yeyote. Mama alipolazwa ulitupikia uji wenye madonge, nasi tukaumaliza tusikuvunje moyo.

Lilipokuja soko huria zikaja semina, na kwenye semina kulikuwa na chai, na kwenye chai kulikuwa na vile vijiti vya kukorogea. Ukavipenda. Ulikuwa ukimwuliza mhudumu, "Mwanangu, hiki kina mwenyewe?" kisha unakifuta kwa leso na kukitia mfukoni. Ulipopunguzwa kazi ukaendelea, ukizunguka hoteli za Majengo. Nyumbani uliviosha, ukavianika kwenye ungo kama dagaa, ukavifungia karatasi: "Dodoma 1992, chai nzuri, sukari haba." Vilifika mia mbili kumi na saba. Chai yako mwenyewe uliikoroga kwa mpini wa uma, ili vijiti visichafuke.

Sisi tuliona aibu, Baba.

Siku ya posa ya binti yako Pamela tulikuomba ubaki chumbani, baba mdogo Isidori azungumze na wageni kutoka Mbinga. Ukatoka na koti lako na kopo lako la vijiti. "Karibuni wakwe! Hiki kilikoroga kahawa ya mzungu," ukasema, ukimkabidhi kijiti Mzee Fransisko, baba wa mchumba.

Akageuka kwangu mimi, Leonce, mwanao wa kwanza. "Huyu ni nani?"

"Jirani yetu," nikajibu. "Akili imechoka."

Hakuna aliyenisahihisha. Ulinitazama, ukafunika kopo. "Kweli, mimi ni wa nyumba ya pili," ukasema. "Nilikuja kuazima chumvi."

Mama akakufungia chumvi kwenye karatasi. Ukashukuru, ukatoka. Ulikaa nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, hadi wageni walipoondoka. Kisha ukaingia, ukairudisha chumvi mkebeni.

"Posa imepita?"

"Imepita, Baba."

"Afadhali."

Siku kumi na nane baadaye presha ikakuchukua. Hatukuwa tumekuomba radhi. Kila siku tulisema kesho.

Mzee Fransisko alifika mazikoni jeneza limeshafungwa. Tulipomaliza kuzika alinivuta kando. "Yule jirani yenu simwoni. Nimemletea hiki." Akafungua leso, ndani yake kijiti cha plastiki, chekundu.

Nikamwonyesha kaburi.

Alivua kofia. "Mngeniambia tu," akasema. "Mimi nyumbani nina magunia mawili ya vizibo vya soda. Mke wangu naye hunificha wageni wakija."

Pamela aliolewa Septemba. Hakuna aliyeuliza habari za vijiti, ila wakwe walisikitika kwamba hawakuviona vyote.

Basi wasomaji na wajue: Athanasi Ngonyani wa Mfaranyaki alikuwa baba yetu, na kopo lilikuwa la kwetu.

Unakumbukwa na mkeo Kunegunda, mdogo wako Isidori, wanao Leonce, Pamela na Emiliani, na mkwe wako Fransisko. Daima tutakukumbuka, Baba, na hatutakukana tena.