Tarehe Juu ya Tarehe

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Natumaini u mzima, pamoja na watoto. Mimi ni mzima, ila nina hasira na sitaki kuificha.

Juzi nilinunua pakiti ya kuku wa kiwanda chenu. Barafu ilipoyeyuka, chini ya tarehe iliyochomwa na mashine yenu mpya niliona kivuli cha tarehe ya wino. Ile namba tatu iliyokatika mkia, ya mashine ya zamani, naijua. Niliitazama miaka yote niliyofunga pakiti katika chumba kile cha baridi. Tarehe ya wino ilisema mwisho wa kuliwa ni Januari. Ya juu inasema Juni. Kuku ananuka. Jirani yangu alipika wake bila kunusa, amelazwa.

Nani anaiendesha mashine hiyo?

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mpe pole jirani.

Umestaafu, Shangazi, tuachie kazi yetu. Mashine ya wino iliganda kila baridi ilipozidi, tukaipuliza kwa mdomo kama wapishi wenye kuni mbichi. Hii mpya niliiomba mimi, nikaifunga kwa mikono yangu, na haijakosea hata mara moja. Meneja alisema pakiti za zamani tuzifute kwa spiriti, tuzichape upya. Tarehe inapangwa ofisini. Mimi nabonyeza tu. Na usinifokee kama mtoto.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipokea. Jirani hajapata nafuu.

"Nabonyeza tu"! Ulipoomba kazi, mimi ndiye niliyesimama mbele ya meneja huyo nikasema: huyu hadanganyi. Tarehe uliisoma huku ukiifuta, macho unayo. Usinisifie mashine, mashine haina kosa. Umefurahia kichezeo chako hata ukakijaribia kwenye matumbo ya watu.

Pakiti zilizobaki ziko wapi? Usiponijibu, usiniite shangazi tena.

Dada wa marehemu baba yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini afya yako ni njema, na jirani anaendelea vizuri. Nimechelewa kukujibu.

Pakiti zilizobaki zilikuwa ghalani, zikingoja lori. Nilizirudisha zote kwenye mashine, nikafuta tarehe iliyopangwa ofisini, nikazichapa kwa herufi kubwa: IMEOZA. USILE. Meneja alizisugua mwenyewe kwa spiriti, kisha kwa kucha. Maandishi ya kuchomwa hayatoki. Ukucha ndio uliotoka.

Wakaguzi wa afya niliowaita wamezichukua. Mimi nimefukuzwa. Na yale maneno yako ya mwisho bado yananichoma.

Mpwa wako, ukikubali


6 Aprili

Mpwa wangu,

Mimi ni mzima. Jirani ametoka hospitali. Bado hasimami bila kushikwa.

Usingoje nikusifu. Pakiti yake haikuandikwa USILE. Iliandikwa Juni, na aliyebonyeza ni wewe.

Njoo umwambie mwenyewe, ana kwa ana. Nitakuwa nimeketi hapo hapo kando yake. Ukimaliza, tutakwenda kwangu ule.

Shangazi yako