Ushanga wa Mapasa

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu, umeamkaje mama? Magoti yamepoa? Mvua imefika huko Sola, au pamba inakauka? Mimi mwili mzima. Baridi ya huku Ulaya haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno, lakini kazi ipo na ninakula. Dada Kabula, msomee mama polepole, wala usiruke neno kwa aibu.

Barua yenu niliipata. Kumbe pacha wangu Doto anakujia ndotoni, mama, anasimama mlangoni pa nyumba mliyohamishiwa kijijini, wala haingii. Na mganga amesema marehemu hapokei mbuzi kwa sababu anaitwa kwa jina la mwenzake. Ndipo leo unaniambia kwamba tulipougua surua sote wawili, bibi alituvua ushanga atuogeshe, mweupe wa Kulwa, jina ninaloitwa, na mweusi wa Doto, akaturudishia harakaharaka bila kujua upi wa nani, na kesho yake mmoja akafa. Lo, mama! Miaka yote hii! Sasa naogopa kioo. Nikinyoa ndevu namwona mtu nisiyemjua jina.

Hata kazini jambo hili limenifuata. Tunatengeneza vidude vya kuwekwa ndani ya kompyuta, vidogo kama ukucha, vimejaa nyaya nyembamba kuliko unywele. Kwanza unachorwa mpango, kipi kiungane na kipi. Kisha unachorwa mchoro wa kiwandani, usio na majina. Kompyuta inailinganisha hiyo miwili, na kila kipande inakitambua kwa majirani wanaokigusa. Shida ni mapasa, yaani vipande viwili vinavyofanana, vinavyoonekana kuwa na majirani walewale. Ilikuwa ikivichanganya, kisha inalalamika kuna kosa pasipo na kosa. Mkubwa wangu akaniambia niirekebishe. Nikaifundisha ichukue chochote kati ya viwili, iendelee. Wakanipongeza. Mimi nikaenda chooni nikalia, maana ndivyo alivyofanya bibi.

Siku iliyofuata nikaongeza kitu. Kabla haijachukua chochote, itafute kwanza kama yupo jirani anayekigusa kimoja tu. Nikajiuliza, sisi tulikuwa naye nani? Mgongo ule ule, uji ule ule, kitanda kile kile. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukimsimulia shangazi kwamba mapasa wako hawakugawana titi. La kulia la Kulwa, la kushoto la Doto, na ukikosea tunalia wote.

Nisamehe, mayu, hili si swali la mwana wa kiume. Baada ya mazishi, ni titi lipi lililojaa likakuuma, likakosa wa kulinyonya?

Kama ni la kushoto, mchinjieni Doto mbuzi wake, nami nitalala. Kama ni la kulia, nendeni kule kwenye mahame yetu mlikohama, kaburini, mmwite Kulwa kwa sauti, mmkaribishe ndani. Amekaa nje muda mrefu mno, maskini.

Nisalimieni shangazi, na mjomba anayepima pamba pale ushirika. Mwambieni sukari ikionekana aninywee chai. Na mzee wa duka la Bariadi anayetupokelea barua, Mungu amweke.

Jina sikuandika. Nangoja jibu lako.

Mwanao aliyebaki