Sauti Yako Imewakimbiza Watu

Générose, dada yangu,

Nimekaa sokoni, mahali petu, na kiti chako kiko hapa kushoto kwangu. Sijampa mtu. Mama Vero wa nyanya alitaka kukikalia juma lililopita, nikamwambia kina mguu mbovu. Ni uongo, mguu hauna neno, unajua mwenyewe. Siku hizi nauza samaki wa ziwani, wa Tchomia, peke yangu, na mteja akinichosha sina mtu wa kumkonyeza.

Nina jambo la kukuambia na linanitia aibu. Sauti yako imewakimbiza watu. Uko kaburini miezi saba sasa, na Jumanne iliyopita watu wa kilima chetu waliacha maharagwe juani wakatoka mbio, kwa sababu walikusikia ukiwaambia watoke. Aliyeitoa ile sauti ni mimi.

Ngoja nianze nyuma, hata kama mengine unayajua kunishinda.

Unakumbuka tulipofika Bunia kutoka kilimani kwetu, kule juu ya Bambu, kila mtu alianguka upande wake. Wengine kwenye site ya wakimbizi, wengine Komanda, wengine ziwani. Wewe ndiye uliyefungua grupu ya WhatsApp ya watu wa kwetu, ili tujue nani yuko hai na yuko wapi. Baadaye wengine waliporudi kulima, grupu ikawa ya kuulizana kama njia ni salama. Ulikuwa admin, na uliifanya kazi hiyo hapahapa, katikati ya samaki, simu ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inia msumarini ili isinuke. Ulizungumza kupitia plastiki. Watu walifikiri una mafua ya kudumu.

Na ile sheria yako! Mtu yeyote anayetuma sauti ya kutahadharisha aanze na jina lake, mahali alipo, siku ya leo, halafu aseme macho yake yanaona nini. Asiyefanya hivyo ulimfutia, awe mzee, awe katekista. Nilikusikia mara ngapi ukimpigia mtu na kumkata katikati: "Mi siulize watu wanasema nini. Weye, macho yako inaona nini?" Mara nyingi macho yalikuwa hayaoni kitu. Yalikuwa yanaona mbuzi.

Ulikuwa na maoni juu ya kila jambo la simu. Code ya simu isiwe jina la mtoto, kwa sababu jina la mtoto wako soko zima linalijua. Anayekupigia kukuambia umeshinda zawadi, mwulize umecheza lini. Siku ile nilipobonyeza ile linki ya mega za bure za intaneti, simu yangu ikawatumia watu wetu wote upuuzi uleule, hata padri, ulicheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukanitoa kwenye grupu siku mbili nzima, mimi ninayekaa nawe bega kwa bega. Nikikuuliza kuna habari gani, ulitazama mbele kama askari: "Sijue. Uombe admin."

Hakuna anayenifukuza popote siku hizi. Ningependa kufukuzwa.

Ulipokufa na ile tansio yako, ile presha ya damu, simu walimpa mdogo wako. Alifuta kila kitu siku hiyohiyo, akaweka picha za mpira. Sikumlaumu, ni kijana, na simu ilikuwa yake sasa. Ila nilipoulizia sauti zako alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za maji aliyoyamwaga. Kwenye simu yangu nilikuwa nimebaki na moja tu, maana zile nyingine za kila siku, za "leta chumvi" na "nachelewa kidogo," nilizifuta mwenyewe ulipokuwa hai ili nipate nafasi. Nani angehifadhi sauti ya mtu anayemwona kila asubuhi?

Hiyo moja ni ile uliyonitumia siku tuliyokimbia. Ndiyo pekee uliyoituma bila kufuata sheria yako, maana ulikuwa unakimbia na sheria yenyewe ulikuwa hujaiweka. Unahema. Unasema: "Mutoke sasa! Musingoje vitu, mubebe watoto tu. Mupite njia ya mutoni, kwa barabara hapana!" Halafu kuna vishindo vya miguu, na mwishoni kabisa unaniita mimi: "Pascaline! Pascaline, weye uko wapi?" Inakatika hapo.

Jumapili, siku mbili kabla ya Jumanne hiyo, tuliondoa matanga. Nguo zako zilitolewa nje zikagawanywa, mimi nikapewa kikwembe chako cha njano. Watu walikula, wakaimba, wakaenda zao. Nilirudi nyumbani mchana nimekibeba kile kikwembe, nikakaa kitandani, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nikatamani kukusikia pamoja na watu wengine, si peke yangu tena. Nikaiweka sauti yako kwenye grupu. Chini yake niliandika: Leo tumeondoa matanga ya dada yetu, sikieni jinsi alivyotupenda.

Watu walituma mikono ya kuomba na nyuso za kulia. Nilifurahi, nakuambia ukweli. Nilihisi mko wengi ndani ya chumba.

Sikuwaza kwamba sauti husukumwa kwenye grupu nyingine peke yake na maandishi hubaki nyuma. Sikuwaza, Générose, mimi niliyekaa miaka yote hiyo pembeni yako nikikusikia ukiwafundisha wengine! Mtu mmoja aliisukuma kwenye grupu ya ndugu zake, bila yale maneno yangu. Kutoka pale ikapanda kilimani. Na wewe kwenye ile sauti husemi ni lini.

Jumanne kabla ya saa sita alinijia Dorika, mkwe wa Muzee Anselme wa kule kilimani, yule aliyeolewa juzi tu, ambaye wewe hukuwahi kukutana naye. Miguu imejaa udongo mpaka magotini. Muzee alikuwa amekaa kwenye pikipiki, nyuma ya mtu wa moto, uso umekuwa kama majivu, mguu mmoja umefungwa kwa fimbo mbili na kitambaa. Alikuwa ameteleza pale mtoni, kwenye mawe.

"Mama Pascaline, utusaidie kufika ku hopitali," Dorika akasema. "Watu yote imetoka. Générose alisema tutoke."

Nikamwuliza, "Générose gani?"

"Si ule admin yenu? Usikie."

Akabonyeza. Nikakusikia katikati ya soko, unahema. Watu wakageuka. Nilimnyang'anya simu mikononi kabla hujafika kwenye jina langu.

Kumbe mke wa ndugu yake Muzee alikuwa amebaki nyuma na watoto wadogo, akapatikana kesho yake tu. Alikuwa amejificha shambani pamoja nao, wamelowa, hawajala. Hakuna aliyekufa. Nalirudia hilo kila siku kama dawa, hakuna aliyekufa, lakini maharagwe yamenyeshewa yote na mguu wa Muzee umevunjika mahali pawili.

Sasa sikia sehemu mbaya zaidi. Nilinyamaza. Siku tatu nilinyamaza.

Alhamisi kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa parokia, na kila mtu alikuja na maoni yake. Chef wa quartier, mkuu wa mtaa, alisema kuanzia sasa kila admin alete jina na kitambulisho ofisini kwake. Mwalimu mmoja akasema vitambulisho havitasaidia, afadhali mtandao ukatwe kila hofu inapoanza. Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni: "Mukikata reseau, mi nitajua namna gani kama mutoto yangu kule Komanda iko muzima?" Watu wakampigia makofi. Walewale wakampigia makofi na mwalimu. Mimi pia nilikuwa nakubaliana na kila aliyesimama mpaka mwingine aliposimama.

Halafu kijana mmoja mwenye miwani akaeleza kwamba siku hizi kuna mashine inayoweza kutengeneza sauti ya mtu aliyekufa, ukiipa maneno machache tu. Hapo uwanja ukachemka. Basi ni mashine! Basi kuna mtu ameitumia! Na kwa nini aitumie wakati wa mavuno? Wakaanza kusema ni wale wa ng'ambo ya bonde, walitaka kilima kibaki tupu wachukue maharagwe. Mmoja akauliza nani kule ana ordinateur, kompyuta ya kufanyia hivyo. Mwingine akajibu kwa jina, jina la mtu kamili, baba wa watoto.

Unajua jinsi mambo yanavyoanza kwetu. Tulishaona wote wawili. Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi la nyuma, nimejifunga kikwembe chako. Ile mashine ilinipendeza, ndiyo aibu yangu. Kwa muda mfupi nilitaka iwe kweli. Nilirudi nyumbani sijasema neno.

Ijumaa asubuhi nilikuja hapa mapema, kabla ya Mama Vero. Nikashika simu. Mara ya kwanza nilisahau kusema siku, nikafuta. Mara ya pili nililia, nikafuta. Mara ya tatu nikasema: "Mimi ni Pascaline. Niko Bunia, sokoni. Leo ni Ijumaa. Ile sauti ya Générose ni yake kweli, ni ya zamani, ya siku tulikimbia. Hakuna mashine. Hakuna mutu wa ng'ambo. Ni miye niliituma, sababu nilimukumbuka. Munisamehe." Sikusema macho yangu yanaona nini. Yalikuwa yanaona kiti chako, na sikuweza.

Wengine wamenitukana, na wana haki. Wengine wamekaa kimya, na kimya hicho nakisikia kila ninapofungua simu. Lakini lile jina la yule baba wa ng'ambo halijatajwa tena. Jumamosi wale wa kilimani walianza kurudi.

Jana nilimpelekea Muzee Anselme uji hospitalini. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwuliza swali lililokuwa linanila moyo: "Muzee, weye ulikuwa kwa mazishi, ulijua, kwa nini ulikimbia?"

"Nilijua alikufa," akasema. "Nilitupa udongo na mukono yangu mwenyewe. Lakini ile sauti haikutudanganyaka hata siku moja. Mi ningebaki sababu ya nini?"

Nililia pale mpaka nesi akaniuliza kama mgonjwa ni baba yangu. Mtu mwenye akili zake alimwamini marehemu kuliko macho yake. Hivyo ndivyo ulivyokuwa kwao, dada. Na mimi nilichukua imani hiyo, nikaitupa njiani kwa sababu nyumba yangu ilikuwa kimya.

Muzee akanywa uji, kisha akaniambia niifute. "Umuache apumuzike. Alikimbiaka ya kutosha." Katekista naye ameomba kila mtu aifute, na watu wanatuma ujumbe mmoja mmoja kusema wamefanya hivyo. Nafikiri nimebaki mimi.

Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Karatasi haimsukumii mtu kitu. Nilitaka kukusimulia kwanza, kisha niifute, kwa sababu baada ya hapo sijui nitaikumbuka vipi sauti yako. Tayari kuna siku nakukumbuka usoni na sikusikii.

Na kuna lile la mwisho, ambalo hatukuwahi kulizungumza. Unaponiita. Siku ile nilikuwa nimelala chini kwenye mihogo, hatua chache tu kutoka njiani, na nilikusikia. Mara mbili. Sikukujibu, niliogopa wale tuliokuwa tunawakimbia watanisikia. Ukarudi kunitafuta hata hivyo, ukanivuta mkono, tukaenda. Miaka yote tuliyouza samaki pamoja hukuniuliza kwa nini sikujibu. Labda ulijua. Nisamehe, Générose.

Wameniomba niwe admin. Nilisema sistahili, wakasema ndiyo sababu, mtu aliyeungua anajua moto uko wapi. Nimekubali. Nakuahidi hakuna sauti itakayopita kwangu bila jina, mahali, siku na macho. Hata ya chef. Hata yangu. Na nikikosea tena nitajitoa mwenyewe siku mbili, na hakuna wa kumwomba anirudishe, nitasubiri tu.

Lala salama, dada yangu. Usimkimbilie mtu tena.

Nimeisikiliza sasa hivi, mara moja, simu ikiwa sikioni ili soko lisisikie. Umeniita. Nimeifuta.

Mimi ni Pascaline. Niko Bunia, sokoni, mahali petu. Leo ni Jumatatu, asubuhi. Macho yangu yanaona beseni mbili za samaki, na mtu wa moto anayepangusa vumbi kwenye kiti cha pikipiki yake, na kikwembe chako cha njano magotini mwangu. Yanamwona Mama Vero amesimama nyuma ya nyanya zake tangu alfajiri, anabadilisha mguu, sasa huu, sasa ule. Nitamwambia kiti chako hakina ubovu wowote, aje akae.