Karani wa Sigara Kwenye Kiti Changu

Malaba, Jumanne jioni

Bado nina hasira na yule karani wa kampuni ya sigara. Ana kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na sauti ya padri. Anapita nyumba kwa nyumba hapa kota za reli akiuliza watu wanaonaje sigara na afya, halafu karatasi za majibu anampelekea Mzungu wake anayengoja garini.

Leo nilirudi mapema kutoka stesheni, nikamkuta uani na mke wangu, amekalia kiti changu. Nikasimama nyuma ya jiko nikisikiliza.

"Mama, moshi unakutia hofu?"

"Baba Nekesa anavuta, anakohoa. Kila asubuhi nakagua foronya yake kama ina damu."

Foronya yangu. Miaka kumi na moja ya ndoa mke wangu hajawahi kuniambia neno hilo. Karani kalipata kwa robo saa, akaliandika kwa wino, akamwachia mke wangu pakiti ya sigara kama shukrani.

Alipoondoka nilimuuliza mke wangu kwa nini mambo ya chumbani kwetu anampa mgeni.

Akaiweka ile pakiti mbele yangu. "Yeye aliniuliza."