Miadi ya Marehemu Jumatatu

Swahiba, nimefukuzwa mkutanoni! Mimi!

Bosi kaleta programu ya bure, ati yenyewe ndiyo itaujaribu mfumo wa miadi wa hospitali. Majaribio mia mbili, yote kijani, yaani yamefaulu. "Mzee, kazi yako ya kubonyezabonyeza imekwisha."

Nikamwambia, "Haya, jaribu jina la mke wangu."

Mfumo ukajibu: Jumatatu, saa tatu asubuhi. Kijani! Mke wangu niliyemzika mwaka juzi! Cheti cha kifo niliwapa haohao wa hospitali!

Programu inaangalia kama mfumo umejibu, basi. Umejibu nini, haina habari.

Bosi: "Toka nje!" Wakubwa hawa, wee!

Nimetoka. Lakini mfumo haufunguliwi kwa wagonjwa bila sahihi yangu mimi mjaribuji. Siweki. Wanifukuze na kazi, siweki!