Yaliyopita ni Ndwele

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Ila mwezi uliopita msimamizi alifunga mlango wa karakana kuzuia vumbi, nikapiga kelele mpaka cherehani zote zikanyamaza. Wakanipeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja mpole. Kabla sijakaa huniuliza, "Mlango tufunge au tuache wazi?" Wiki ya nne sasa, tunauacha wazi. Ananifundisha kupumua taratibu na kutaja ninachokiona: meza, dirisha, viatu vyangu. Usingizi unaanza kurudi.

Nimemweleza habari ya stoo.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Miguu inalalamika lakini sokoni inanifikisha. Kumbe siku hizi kusikiliza watu ni kazi! Mimi nimewasikiliza majirani miaka arobaini, hata kigoda sijapewa. Pole sana, mwanangu, kwa yaliyokukuta. Ila baba yako yuko kaburini, na kumsema kwa wageni si vizuri. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Kwangu mimi yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Nilikuwa na miaka saba. Baba alinifungia stoo siku mbili kwa sababu nilimwaga mafuta ya taa. Na hiyo "pole", mama, hata mpita njia humpa mtu aliyejikwaa. Dada zangu wanasema wewe ulikuwa safarini. Mimi nilisikia sufuria jikoni, na mtu akikohoa kama wewe. Miaka yote hii najiuliza kama akili yangu ni nzima. Mshauri hakunituma, nauliza mwenyewe. Je, nilisikia vibaya?

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

Hali yangu si mbaya. Usidhani barua yako ilipotea. Nimeandika majibu manne nikayachana, maana yote yalimsema baba yako tu.

Hukusikia vibaya. Nilikuwa jikoni. Ulikuwa ukiniita, siku ya kwanza ukaniita mpaka sauti ikakauka. Ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani, naufikia. Nilimwogopa, sikuuchukua. Dada zako walikuwa kwa shangazi yenu. Waliporudi nikawaambia nilikuwa safarini, na wewe nikakuacha uonekane mtoto anayeota mchana. Hilo la pili ni langu peke yangu, baba yako hayumo.

Nisamehe. Sikulazimishi unijibu.

Mama yako

15 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi nipo.

Barua yako niliisomea kwa mshauri, kwa sauti. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira ningali nazo. Kukusamehe bado sijaweza, na sitakudanganya, maana uongo umetutosha. Lakini jana nilishona siku nzima bila kujiuliza kama nina wazimu.

Mwisho wa mwezi nina likizo ya siku tatu. Nitakuja. Waite na dada zangu, uwaambie mbele yangu.

Kitindamimba wako