Dada Amehama Lugha

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefika. Ghorofa ya pili, vitanda viwili, dirisha moja, kabati linalofunguka lenyewe. Nimeliegemezea begi.

Mama amepiga hata viatu sijavua. Umefika? Umekula? Umemwona dada yako? Nikamwambia Mama, hata choo bado sijakiona. Akacheka, lakini kidogo.

Dada alikuja chuo hiki hiki miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni alituandikia Kiswahili kwenye kundi la familia, na jioni anaongea kikwetu na Mama mpaka vocha inakata. Kisha kikwetu kikaisha. Kisha na Kiswahili. Siku hizi anaandika kwenye ukurasa wake tu, kwa lugha ya chuo, picha nzuri nzuri. Simu hapokei. Mama hupeleka zile picha kwa fundi simu amsomee. Fundi husema, Mama, anasema yuko sawa. Na Mama huuliza, anamwambia nani?

Matroni amesema Dada alishahama bweni. Anwani hakuacha.

Jumatano, 9 Oktoba

Ninayekaa naye chumbani anatoka nchi nyingine kabisa. Anapiga pasi kila kitu, hata soksi. Moyoni namwita Mama Pasi. Tunaongea lugha ya chuo, mimi kwa kuvuta vuta.

Leo amenionyesha simu yake. Kwa lugha ya kwao anaweka picha za vitabu, wazazi wafurahi. Kwa lugha ya chuo, vichekesho. Lugha ya tatu ni ya mpenzi wake, na hiyo hakunionyesha. Nikamuuliza, huwa huchanganyi? Akasema alichanganya mara moja, baba yake akaona busu, akampigia mpaka matroni.

Jioni nikaweka picha ya blanketi langu jipya. Kwa Kiswahili alijibu shangazi peke yake: mbona umekonda? Blanketi, jamani! Nikaiweka tena kwa lugha ya chuo. Mioyo ikamiminika, ya watu ambao darasani hata salamu hawanipi. Nikaona raha. Siwezi kusema sikuona.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemwandikia Dada. Kwanza Kiswahili: ni mimi, nipo chuoni kwako, Mama anakuulizia. Ujumbe ameusoma. Kimya.

Nikarudia maneno yale yale kwa lugha ya chuo. Jibu likaja hata simu sijaiweka chini. Asante sana kwa kuniandikia! Karibu chuoni! Unatoka wapi?

Unatoka wapi. Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja tangu naachishwa ziwa.

Mama Pasi akasema labda ana wafuasi wengi, anajibu bila kuangalia jina. Labda. Nimemwambia Mama bado namtafuta.

Jumanne, 29 Oktoba

Dada ameweka picha. Nguo kwenye kamba, mwanga mzuri, na chini yake maneno ya lugha ya chuo: siku tulivu ya kufua.

Nimeikuza. Kioo cha dirisha kimepasuka, kimezibwa kwa karatasi na gundi. Ni chumba chetu cha kufulia, hapa chini. Mama Pasi alisema, si aliishi hapa, itakuwa picha ya zamani. Nami nikataka iwe hivyo. Lakini beseni lililo sakafuni ni la bluu, ukingo umeungua. Hilo ni langu. Mama aliliunguza mwenyewe, mwezi mmoja kabla sijaondoka.

Nikashuka. Hapakuwa na mtu. Sakafu mbichi. Beseni langu, ambalo asubuhi niliacha chini ya kitanda, lilikuwa pale, limefunikwa vizuri, kama anavyofunika Mama.

Wakati napanda matroni akanikodolea macho. Wewe, si umepita hapa sasa hivi?

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Kikwetu hatujawahi kukiandika. Ni lugha ya jikoni na ya kitandani. Leo nimejaribu, herufi kama zinavyosikika. Nimemtumia Dada yale aliyoniambia kila usiku taa ikizimwa: funika miguu.

Ikaonekana anaandika. Ikakoma. Ikaanza tena. Kipindi kizima mwalimu anafundisha, mimi natazama simu chini ya meza, zile nukta za anayeandika. Zikipanda, zikishuka, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu zikatulia, hakuna kilichokuja.

Baadaye kidogo akaweka picha kwa watu wote. Anacheka, maua mkononi. Shukrani kwa maisha haya! Mioyo, mioyo. Nami nikabonyeza moyo. Kidole kilikwenda chenyewe.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama amepiga. Sauti imekauka. Akasema, mwanangu, siku hizi unaniandikia kama benki?

Nikasema Mama, mimi? Akasema jana amepeleka ujumbe wangu kwa fundi simu. Fundi akamsomea: asante kwa ujumbe wako, nipo salama, mambo ni mengi. Halafu fundi akamwambia, Mama, huu si tulishausoma?

Mama anasema ni ujumbe wa mwisho aliotumiwa na Dada. Neno kwa neno. Mimi sijawahi kuuona, uko kwenye simu ya zamani ya Mama.

Nimeangalia yangu. Ni kweli, nimeutuma, kwa lugha ya chuo. Simu huniletea maneno hapo chini, nami nabonyeza tu, nabonyeza, yanajipanga. Sikumbuki kubonyeza haya.

Kabla hajakata Mama akasema kitu kwa kikwetu. Nikajibu ndiyo Mama. Nimekaa nusu saa najiuliza alisema nini.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi. Mama Pasi ametoka. Nilikuwa nakunja nguo, mlango ukagongwa. Taratibu, kwa kucha.

Nikauliza nani, kwa lugha ya chuo. Akajibu kwa kikwetu: fungua, mdogo wangu. Sauti ni ya Dada. Ya Dada kabisa, ya kabla hajasafiri.

Nilitaka kusema ngoja, nakuja. Nikafungua mdomo, ikatoka lugha ya chuo: asante, nipo salama, mambo ni mengi. Kwa adabu, kama napokea simu ya mtu nisiyemjua.

Nikatega sikio. Hatua sijasikia zikiondoka.

Nimekaa sakafuni, naandika. Naogopa nikisema tena itatoka ile ile na yeye aende zake. Nimetazama kabati, nikatafuta jina lake la kikwetu. Halikuja. Dirisha, halikuja. Shuka. Maji. Hata Mama tunavyomwita tukiwa wenyewe. Kiswahili bado ninacho, ndiyo maana kalamu siiachi.

Yupo. Chini ya mlango naiona miguu yake. Mitupu, mmoja juu ya mwingine, alivyokuwa akisimama akinisubiri nitoke bafuni. Kucha zimekuwa za bluu kwa baridi.

Sentensi moja ya kikwetu ninayo bado. Nimeijaribu kimya kimya, ulimi unaikumbuka.

Nimeshika kitasa. Nitamwambia afunike miguu.